Mikumi, na Kurudi Jumatatu

...na hakusema inshaallah, Tabia alilisikia pengo lake kabla chanuo halijafika mwisho wa nywele, Machano alisema "Jumatatu tushafika hapa," akanyamaza, akakichukua kikombe chake cha kahawa, na neno lililokuwa lifuate halikufuata, na mtu huyu tangu amwoe hajapata kuitaja kesho bila ya kumtaja Mungu, akienda Darajani kununua muhogo ni inshaallah, akipanda juu kuanua nguo ni inshaallah, hata wanafunzi wake humwita Mwalimu Inshaallah wakidhani hasikii... labda kasahau, safari imemjaa kichwani, binadamu husahau, akamgeuza binti yao kichwa, akaichana upya njia ya katikati, "tulia Shemsa, mwanangu, ntakuumiza," na Shemsa, aliyekaa mkekani baina ya magoti ya mama yake, akatulia kwa kiasi cha kumeza mate kisha akauliza, "Baba, na twiga tutamwona?" "Utamchoka," alisema Machano, "barabara yenyewe imeipasua mbuga katikati, umekaa ndani ya basi unawatazama na wao wanakutazama, kesho tunapanda meli hapo bandarini Malindi, tunalala Dar es Salaam kwa rafiki yangu Mkadam, asubuhi basi la Morogoro, na ukishafika Morogoro, Mikumi si mbali tena," akiyasema hayo kwa sauti yake ya darasani, wala hakuwa akimwambia Shemsa, Shemsa anaijua njia hiyo kwa moyo kama alivyohifadhi juzuu ya Amma, alikuwa akimwambia Bi Sichana, jirani wa mlango wa pili, mkubwa wa akina mama pale kwenye tawi la chama, ambaye ndiye aliyekwenda kuwatilia neno mpaka ruhusa ya kuvuka ikatoka, ya baba na mtoto, mama abaki, maana siku hizi mtu havuki bahari mpaka aache nyuma roho ya kumrudisha, na sasa Bi Sichana amekaa dirishani na kikombe chake, anaifaidi safari aliyoiombea, "mie nasikia ndovu hupita mpaka penye mahema ya watu, umelala unamsikia anavyovunja matawi," na Machano akasema, "Hana neno na mtu, Bi Sichana, ukimwacha na yeye hukuacha," wakacheka, na Tabia akacheka nao akichelewa kidogo, kwa sababu alikuwa bado yuko kwenye Jumatatu.

Jumatatu tushafika hapa... mtu huliacha neno hilo lini, akisahau, au akiwa anaogopa kumtia Mungu katika jambo ambalo si la kweli, na hapo Tabia akajikemea, astaghfirullah, unamtilia shaka mumeo kwa neno moja, mkoba mmoja tu umefungwa pale, gauni mbili, upande wa kanga, sweta la baridi ya Morogoro, mkoba wa siku tatu kweli, Tabia mwenyewe ndiye aliyeufunga, Machano alimkataza kuongeza hata viatu vya sikukuu, "tunakwenda kutazama wanyama, mama Shemsa, wanyama hawatazami viatu," alimchekesha kweli, ila viatu vile Shemsa alivilipia kwa machozi Idi iliyopita na alivitaka, na baba yake hajapata kumnyima kitu akakaza vile... na juzi je, baada ya isha, alipotaka radhi, amekaa ukingoni mwa kitanda akasema, "kama kuna nililokukosea, nisamehe," na yeye akamcheka, siku tatu tu bwana, unataka radhi kama mtu anayekwenda Makka, na Machano hakucheka, alingoja, alingoja mpaka alipoambiwa nshakusamehe, ndipo akazima taa, na Tabia akalala usingizi mzuri, Mungu wangu, akalala.

"Siku tatu zenyewe kidogo," Bi Sichana alikuwa akisema, "ningekuwa mie ningekaa wiki nzima huko na simba wangu," na Machano akajibu, "Skuli zinafunguliwa, Bi Sichana," halafu, pasipo kugeuka, akitazama nje kama mtu anayeangalia mvua isiyokuwepo, "Mama Shemsa, msuke ile midogo midogo, ya kukaa." Mikono ya Tabia ilikuwa kwenye msuko wa pili na wa mwisho, misuko miwili ya safari, ya kufumuliwa Jumatatu na kuoshwa, akasema, "Ya kukaa? Kwa siku tatu?" na Bi Sichana akaangua kicheko, "wanaume hawajui nywele, mwalimu we, hiyo midogo hukaa mwezi, kwani huko Mikumi mnahamia?" na Machano akasema, "Vumbi, Bi Sichana, kuna vumbi jingi," na mkono wake ulioshika kikombe ukatulia pale ulipo, haukwenda mdomoni wala haukushuka.

Basi akajua... haikuja polepole, ilikuja yote mara moja, mkoba, radhi, viatu, Jumatatu isiyokuwa na Mungu ndani yake, hawarudi hawa, hakuna ndovu wala twiga, basi la Morogoro litapita Mikumi na kuendelea, au halitopandwa kabisa, na mimi ndiye niliyeachwa rehani, na baba huyu anataka nywele za kukaa kwa sababu huko anakompeleka mwanangu hakuna mwanamke wa kumsuka, yeye mwenyewe hajui hata kushika chanuo, ameona hilo, ameliona hilo akaja kuniomba mimi, mbele ya watu, niwasaidie kuniacha, na moyo ukampiga kwa hasira ambayo hajapata kuwa nayo kwa mtu yeyote, mwizi wee, mwizi wa mtoto, neno moja tu, Bi Sichana yuko hapo, amwambie tu "shoga, mie moyo wangu hauitaki safari hii," aliseme hivyo hivyo kizembe, na ruhusa itarudishwa jioni hii hii, na Shemsa atalia kwa ajili ya twiga wake, na kesho ataamka hapa, na keshokutwa, na siku zote... na baada ya siku zote? Akakumbuka Michenzani, siku ya kujitolea, mabinti wamejipanga wakipokezana matofali ya hayo majumba marefu, gari ikasimama, mkubwa mmoja akateremsha kioo akamnyooshea kidole Shemsa, huyu binti wa nani, na Machano akatoka mbio katika mstari wa wanaume na vumbi la saruji usoni, "wangu, mheshimiwa, mtoto bado huyu, mdogo," na yule mtu akacheka, "hukua hao, mwalimu," akapandisha kioo, na Tabia akadhani jambo lile limeishia hapo, ameuliza tu, lakini Machano usiku ule hakula, na sasa anaona kwamba tangu ule usiku mumewe hakuwa akipanga kingine, alipoanza kuleta habari za punda milia mezani, alipomchorea Shemsa kiboko kwa chaki sakafuni, alipokuwa akimfuata Bi Sichana na maswali ya ruhusa, wote wakasema mwalimu kashikwa na wazimu wa wanyama... Mzee Shamsi wa Mtoni alisema hapana wakubwa walipomtaka binti yake awe mke wa mmoja wao, alisema hapana kwa adabu kabisa, wakamchukua mzee usiku, na binti akaolewa vilevile.

Mtoni, walikwenda Mtoni siku moja, Shemsa mdogo hivi, safari pekee waliyofanya pamoja wote watatu, wakala mkate wa kumimina kwenye magofu ya kasri, kisha baba na mtoto wakajificha nyuma ya nguzo na yeye akawatafuta, mwanzo akicheka, halafu akiita, halafu sauti ikamkatika, nao wakatoka wakicheka, "mama ametaka kulia," na Machano akamshika mkono akamwambia hatorudia tena mchezo ule... Lakini angeniambia, mimi si mkewe, angeniambia tukalia pamoja usiku mmoja, kwa nini hakuniambia, na jibu alikuwa nalo mwenyewe, mtaa mzima unalo, Tabia hajui kusema uongo, ukitaka siri yako itangazwe mwambie Tabia ainyamazie, mwaka wa foleni za chakula Machano alipata kibaba cha mchele kwa mlango wa nyuma na Bi Sichana alipopita akauliza kuna harufu gani leo, yeye akajibu wali, wali tu hivyo, na Machano akaitwa tawini akasemwa mpaka akatoka jasho, akarudi nyumbani akacheka, "wewe mke wangu ulimi wako haukunjiki." Kwa hivyo watakapokuja kumuuliza watakuta hajui, ataapa kwa msahafu kwamba hajui na kiapo kitakuwa cha haki, na watamwamini, kwa sababu ni Tabia, hilo ndilo alilomwachia, hakumwachia dhahabu wala nyumba, kamwachia kutojua, na kwa msuko mmoja wa nywele amekuja kulivunja mwenyewe, maskini Machano, mwalimu mzima, kashindwa na kichwa cha mtoto... ampende au amchukie, vyote viwili vilikuwepo, vimekaa kifuani mwake na hakuna kinachompisha mwenziwe.

"Ati Tabia," alisema Bi Sichana, na kicheko kilikuwa bado mdomoni lakini hakikuwa tena machoni, macho yalikuwa yamekwenda kwenye mkoba, yakarudi kwa Machano, yakatua kwa Tabia, "wewe ndiye mkweli wa mtaa huu, wanarudi lini hawa?" na Machano hakugeuka, shingo yake nyembamba, ukosi wa shati alioufua Tabia mwenyewe jana, na chini Shemsa akichezea pindo la kanga ya mama yake, kichwa chake kina moto mikononi mwake, kina harufu ya mafuta ya nazi, tangu siku ya arubaini alipomnyoa nywele za kuzaliwa kichwa hiki hakijaguswa na mkono mwingine... "Jumatatu," alisema Tabia, akaisikia sauti yake ikitoka nzima, "Jumatatu, inshaallah, wataniletea na vumbi lao niwafulie," na Bi Sichana akapumua, akarudi kwenye kahawa yake, "haya, mniletee na mie unyoya wa mbuni," na shingo ya Machano ikainama, kidogo tu, mtu asiyemjua angedhani anatazama ndani ya kikombe.

Akaufumua msuko wa pili, akaufumua na wa kwanza, akaanza upya kutoka kisogoni, midogo midogo, akiikaza, kila mmoja akiumalizia kwa uzi mweusi. "Mama, unanivuta," alisema Shemsa, "nyingi hivyo, nani atanifumua?" na Tabia akasema, "Mimi, mwanangu, nani mwengine," na huo ulikuwa uongo wake wa pili tangu azaliwe, akagawa nywele nyingine kwa ncha ya chanuo, na Machano dirishani akaanza tena habari za viboko.