Aliyesoma na Aliyetazama

Tangu asubuhi nilikuwa nimeifuta meza ya jikoni mara nne, na hata mara ya kwanza haikuwa na uchafu. Nikikaa, nasimama. Nikifungua friji, naifunga bila kutoa kitu. Juu ya friji palikuwa na bahasha ya kaki niliyotakiwa kuifikisha kwa katibu wa hospitali kabla ya saa kumi alasiri. Kila nilipoiona nilikumbuka kazi nyingine ya kufanya sebuleni, na sebuleni hapakuwa na kazi yoyote.

"Wifi, hebu tulia," alisema wifi yangu kutoka kwenye kochi. "Unanitia kizunguzungu. Au umeajiriwa kupima urefu wa nyumba?"

Wifi yangu ni fundi cherehani, dada wa mwisho wa mume wangu, na tunaishi naye. Mdomo wake haulali. Wiki tatu zilizopita alipanda stuli kutundika pazia la mteja, stuli ikateleza, akavunjika mkono wa kulia. Sasa mkono umefungwa plasta kuanzia vidole hadi kiwiko, cherehani imefunikwa shuka, na mwenyewe anashinda mbele ya televisheni na mchezo wake wa video, ule wa mapango na majoka.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu nyingine. Nimesimamia chumba cha dawa cha hospitali miaka ishirini na miwili, na huko wananiita Mama Lebo, maana chupa isiyo na lebo hunikosesha usingizi. Hata kwangu, chumvi imeandikwa CHUMVI na sukari imeandikwa SUKARI. Mume wangu husema siku moja ataamka ajikute na lebo kwenye paji la uso. Basi Mama Lebo huyo alikuwa amesimamishwa kazi siku kumi na nne, na siku ya kumi na nne ndiyo hiyo.

Nitaeleza yaliyotokea, na nitaeleza haraka kwa sababu sipendi kuyaeleza. Mtoto wa miaka minne alipewa dawa ya degedege kutoka kwenye chupa ya watu wazima, yenye nguvu mara nne ya ile aliyoandikiwa. Alilala siku mbili. Aliamka, namshukuru Mungu, akaomba maji, na sasa yuko kwao anakimbia. Lakini siku zile mbili mama yake alikaa kwenye benchi la korido akimsikiliza mtoto anavyopumua, na mimi nilikuwa napita mlango wa nyuma ili tusionane.

Kwetu chupa haitoki chumba cha dawa bila watu wawili. Mmoja anasoma lebo kwa sauti, neno kwa neno. Mwingine anaitazama kwa macho yake wakati inasomwa. Kisha wote wawili wanatia saini kwenye daftari, chini ya safu mbili: ALIYESOMA na ALIYETAZAMA. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, na nilimfokea kila aliyeuona ni usumbufu. Msomaji alikuwa msaidizi wangu, binti tuliyempa jina la Redio kwa sauti yake safi, kama anatangaza taarifa ya habari. Siku ile Redio alichukua chupa iliyokuwa imewekwa mahali pa nyingine, akasoma alichozoea kukisoma pale, siyo kilichoandikwa. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, napanga maboksi. Nikaisikia sauti, nikanyoosha mkono, nikasaini. Na kusema kweli, nilikuwa nasaini hivyohivyo kwa miaka mitatu.

Redio aliandika maelezo yake siku hiyohiyo: nimesoma vibaya, kosa ni langu. Kisha akanishika mkono kwenye korido akaniambia, "Usijali, mama. Wewe ulisaini tu." Yeye ana mkataba wa miezi sita, wangemwondoa bila hata kikao. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Maelezo yangu ndani ya bahasha yalikuwa mistari mitatu, na ule wa katikati ulisema: *Nilitazama chupa kama ilivyo kawaida.*

"Kama miguu inakuwasha, njoo nikupe kazi," alisema wifi. "Saa nane tunaingia kwa nyoka, na mganga wao ana mkono mmoja."

Nikaketi kwenye ukingo wa kochi. Akanieleza. Wako watu watano, yeye akiwemo, kila mmoja kwao, hawajawahi kuonana, wanakutana humo mchezoni na kuongea kwa spika. Kiongozi wao anajiita Jiwe. Wiki tatu wamekuwa wakijaribu kumuua nyoka wa pangoni, na wiki tatu nyoka anawala. Leo walikuwa na mpango mpya: kila mtu anywe chupa moja ya Dawa ya Kuhuisha kabla ya kuingia. Kuipika ni kazi ya wifi, kwa sababu yeye ndiye aliyekusanya mapishi yote na kuyaandika kwenye daftari lake la vipimo vya nguo, kati ya kiuno cha mteja huyu na mabega ya yule. Lakini rimoti ya mchezo inataka mikono miwili, mmoja wa kukoroga na mmoja wa kumimina.

"Mimi nisome, wewe umimine," akasema.

Nilicheka, kicheko kikavu. Dunia nzima ina kazi, na kazi niliyopewa ndiyo ileile.

Bado, nikiri, ilinipendeza. Kulikuwa na chumba cha mawe, chungu kikubwa katikati, na rafu ndefu zilizojaa chupa zimetupwatupwa, sumu ubavuni mwa dawa. Nilipandwa na hasira. "Hiki ni chumba cha dawa au jalala?" Nikatumia dakika ishirini kuhamishia sumu zote kwenye kabati la chini. Wifi akapiga miayo, akaniuliza kama natarajia mkaguzi. Nikagundua pia kwamba mchezo unakuruhusu kuziandika chupa jina. Hapo sasa sikushikika.

"Haya, soma," nikasema.

Akaweka daftari pajani. "Majani ya mwezi, mawili."

Nikatia majani mawili. Maji yakawa kijani.

"Ute wa konokono wa pangoni, kijiko kimoja. Koroga mara tatu kuelekea kulia."

Nikatia, nikakoroga. Maji yakawa buluu. Nikatazama saa ya ukutani: saa saba na nusu. Kutoka sebuleni, mlango wa jikoni ukiwa wazi, pembe ya bahasha ilionekana juu ya friji. Nilijiuliza kama katibu huzifungua mwenyewe au humpa mtu. Nilijiuliza kama Redio naye amekaa kwao anaangalia saa.

Wifi akafunua ukurasa kwa mkono wa kushoto. "Majani ya mwezi tena, mawili. Unga wa jino la joka, chembe moja. Koroga mara moja kuelekea kushoto, funika."

Nikatia. Nikakoroga. Nikafunika. Nikajaza chupa sita, tano za watu na moja ya akiba, na kila chupa nikaiandika kwa herufi kubwa, nikizitafuta moja moja: DAWA YA KUHUISHA. INYWEWE YOTE. Nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nikazituma zile tano kwa wenyewe.

Saa nane kamili spika ikakohoa. "Mganga, tumepokea," ilisema sauti nzito ya Jiwe. "Na leo umetuandikia na lebo kabisa! Umeanza lini ustaarabu?"

"Nimeajiri mtaalamu," alisema wifi, akanikonyeza.

Wakasimama watano mbele ya pango, mtu wa wifi akiwa nyuma kabisa na kofia yake ndefu. Jiwe akahesabu moja, mbili, tatu, wakanywa. Kisha wakalala. Wote watano, palepale mlangoni, kama magunia yaliyoshushwa kwenye lori. Nyoka akatoka taratibu, bila haraka yoyote, akaanza na Jiwe.

Kwenye spika kulikuwa na kelele za watu wanne kwa pamoja. Wifi alikuwa amelivuta daftari usoni. Nilimwona anatenganisha kurasa mbili zilizogandana. Alikuwa amezifunua pamoja. Nusu ya kwanza aliyonisomea ilikuwa ya Dawa ya Kuhuisha. Nusu ya pili ilikuwa ya sumu ya kupaka mishale, na jina lake, aliloliandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa, ni Usingizi Mrefu.

Nikarudi rafuni kutazama chupa iliyobaki ya akiba. Ilikuwa zambarau, rangi ileile ya sumu nilizozihamishia kabati la chini. Siyo zambarau ya kubishaniwa. Zambarau kama kitenge kipya. Na chini ya kizibo palichorwa fuvu dogo jeupe. Lilikuwapo muda wote, na mimi nilipita juu yake nikitafuta herufi za lebo.

"Jamani, kosa ni langu," wifi aliwaambia. "Nimesoma ukurasa mwingine. Nisameheni."

"Wiki tatu, Mganga," alisema Jiwe. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mara nyingine dawa atapika mtu mwingine."

"Sawa. Mna haki."

Na mimi nikashusha pumzi. Huo ndio ukweli na ninauandika kama ulivyo. Nilikaa na rimoti mkononi, nikasikia mtu mwingine anabeba lawama, na kifua changu kikawa chepesi. Nikaufahamu wepesi ule. Nilishausikia kwenye korido, siku Redio aliponishika mkono.

Wifi akazima spika. Akaona uso wangu, akadhani nimeumia kwa ajili ya nyoka. "Usijali, wifi yangu. Wewe ulikuwa unamimina tu."

Nilisimama ghafla mpaka rimoti ikaanguka.

"Washa hiyo spika."

"Ya nini? Wameshakasirika, waache wapoe."

"Washa!"

Akawasha. Sikujua mtu anaongelea wapi, nikaisogelea televisheni kama naongea na mtu mlangoni. "Bwana Jiwe, mimi ni wifi yake Mganga. Yeye alisoma vibaya, ni kweli. Lakini aliyemimina ni mimi. Chupa ilikuwa zambarau mbele ya macho yangu na ina fuvu, nami nikaiandika dawa kwa mkono wangu. Mtu anaposoma, mwenzake anatazama. Kazi yangu ilikuwa kutazama, na sikutazama."

"Shikamoo, mama," alisema Jiwe, sauti imekuwa ya kijana tu. "Lakini huu ni mchezo."

"Marahaba. Najua ni mchezo," nikamjibu, nikaenda jikoni.

Nilitoa bahasha juu ya friji, nikaifungua, nikayachana yale maelezo ya mistari mitatu. Kalamu ya kwanza haikuandika, ya pili ilivuja. Niliogopa. Niliogopa kuvuliwa usimamizi, niliogopa kiinua mgongo, niliogopa zaidi uso wa yule mama wa kwenye benchi atakaposikia. Nikaandika karatasi nzima, nikaandika hata ile miaka mitatu. Nilipomaliza ilikuwa saa tisa kasoro.

"Wifi, njoo. Mimi nasoma, wewe tazama. Neno kwa neno, kwa macho yako, usinisikilize tu."

Akaja, akakaa, safari hii bila utani. Nikasoma. Kidole chake cha kushoto kilikuwa kinatembea chini ya mistari. Nilifika katikati: "'Msaidizi wangu aliposoma lebo, mimi nilikuwa nimempa mgongo, na sikutazama chupa.'"

"Simama hapo." Kidole kilikuwa kimeganda. "Hapa umeandika 'sikutazama chupa vizuri.' Hilo 'vizuri' mbona hujalisoma?"

Nikainama. Lilikuwapo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, limekaa kwa adabu mwishoni mwa mstari. Naapa sikukumbuka kuliandika.

Nikalikata kwa mstari mmoja, nikatia saini kando yake kama tunavyofanya daftarini. Chini ya karatasi nikaandika ALIYESOMA, nikasaini. Nikaandika ALIYETAZAMA, nikampa wifi kalamu. Alisaini kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, herufi zimelala huku na huku.

"Watakufukuza?" aliniuliza.

"Sijui."

"Kaka atasemaje?"

"Hilo nalo sijui. Nitafutie viatu."

Nilifika hospitali saa tisa na dakika arobaini, jasho limenitoka mpaka kwenye kola. Katibu alikuwa na rundo la karatasi mbele yake na simu begani. Akapokea bahasha yangu, akatoa karatasi, na bila kuitupia jicho akanyoosha mkono kuchukua muhuri wa IMEPOKELEWA.

"Naomba usome kwanza," nikasema.

"Acha tu, Mama Lebo, nitaisoma baadaye. Yule binti ameshaeleza yote."

"Soma sasa. Nitasubiri."

Aliniangalia. Akaweka simu chini, akavaa miwani. Nilibaki nimesimama, maana niliogopa nikikaa sitainuka tena. Alisoma polepole, midomo ikisogea, mpaka katikati ya karatasi. Hapo akasimamisha kidole.

"Hili neno lililokatwa," akasema. "Umelikata wewe?"

"Nimelikata mimi," nikamjibu.