Ndani Mna

Samaki wa kwanza alitoka ukutani Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, kati ya kalenda na swichi ya taa, wakati mkaguzi akitafuta stepla. Mama Chai, ambaye licha ya jina lake alikuwa na kazi ya kufuta kuta pia, alipitisha tambara bichi juu ya matofali, akapitisha tena, na tofali moja likalainika kama biskuti iliyochovywa. Samaki akatoa kichwa, akajinyonganyonga, akadondoka juu ya faili la vibali. Alikuwa na urefu wa mkono wa mtu, na mapezi manne membamba kama kamba za viatu. Akakohoa.

"Huyu ana kifua," Mama Chai alisema.

"Ana mapafu," mkaguzi alimjibu. "Ni kamongo."

"Mapafu, kifua, yote mamoja. Sogeza miguu, mwanangu."

Akamtia kwenye ndoo ya kudekia. Stepla ilikuwa chini ya faili.

Mkaguzi alikuwa anamfahamu huyo samaki, kama si kwa sura basi kwa ukoo. Miaka mitatu nyuma alitumwa kukagua bwawa lililokauka, aseme kama mna wanyama, ili watu wa matofali wapewe kibali au wanyimwe. Juu palikuwa na udongo uliopasukapasuka na kandambili moja ya kushoto. Mkaguzi akalala kifudifudi, akaweka sikio chini, akasikia pumzi. Kamongo maji yakikauka hujichimbia, hujifunika ute wake mwenyewe mpaka ukauke uwe mfuko kama wa kaki, huacha kitundu kimoja mdomoni cha kuvutia hewa, kisha hulala. Hana haja ya chakula, anajila nyama zake mwenyewe kidogo kidogo. Anaweza kungoja mvua miaka minne. Mkaguzi alitambaa siku sita akihesabu pumzi, magoti yakachubuka, akarudi ofisini akaandika: *Juu hapana samaki. Chini kuna. Ndani mna.*

Mkuu wa ofisi aliitwa Bwana Nukta, lakini akiwa hayupo tu, kwa sababu sentensi haikuwahi kumpita ikabaki na miguu yote. Alikuwa mtu wa kufupisha hata salamu.

"Hapana, kuna, mna," alisoma. "Dada, umeshaamua au bado unafikiria?"

"Ni mahali patatu tofauti, mkuu. Pale juu hapana. Mle ndani mna."

"Sisi tunatoa vibali vya kiwanja. Hatutoi vya mle ndani."

Akachukua kalamu nyekundu, akakata sentensi mbili za mwisho. Ikabaki *Juu hapana samaki*, halafu akaona hilo *Juu* nalo ni la ziada. Chini ya *Hapana samaki* ilikaa saini ya mkaguzi, kwa wino wake na mkono wake, na ikawa ndiyo kauli yake mbele ya serikali na mbele ya samaki.

Bwawa likachimbwa. Udongo ukafyatuliwa matofali ya kukausha juani, bila kuchomwa, ndiyo ilikuwa fasheni, na matofali hayo yakajenga ofisi mpya ya vibali vya mazingira. Siku ya kuhamia, watu wengine waliangalia dari. Mkaguzi aliangalia vitundu vidogo vidogo kwenye matofali, akamwambia fundi rangi asipake ukuta wowote. Ijumaa ya kabla ya Jumatatu hiyo, kiangazi cha tatu kikielekea ukingoni, ndipo alipomwambia Mama Chai kwamba kuta zina vumbi.

Alichagua wiki hiyo kwa makusudi. Mezani kwa Bwana Nukta palikuwa na ripoti ya bwawa la pili, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho upande wote ule, na ripoti ilitakiwa makao makuu Ijumaa. Mkaguzi alitaka kitu kimoja tu maishani: Bwana Nukta aache neno *mna* mahali pake.

Jumanne alikuja na bomba la kunyunyizia maua. Ofisini hapakuwa na maua. Alinyunyizia ukuta ulio nyuma ya kiti cha mkuu, kwa upole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Kufika saa tano kamongo saba walikuwa wamemwangukia Bwana Nukta mabegani, mmoja kwenye chai, na mmoja kwenye droo ya juu alikokuwa anaweka kalamu.

"Hawa wanatoka wapi?" Bwana Nukta aliuliza.

"Ndani," mkaguzi alisema.

Bwana Nukta akaandikia makao makuu. Jibu lilirudi mchana uleule: kwa mujibu wa ripoti iliyosainiwa, udongo husika haukuwa na samaki, kwa hiyo vitu vinavyotoka ukutani visiitwe samaki katika barua za ofisi, na wafanyakazi wasiache mafaili sakafuni.

Jioni mkaguzi alibeba ndoo mbili mpaka bwawa la pili, lenye maji ya magotini, akawamimina. Walizama bila kuaga. Mle tayari mlikuwa na wenyeji: konokono wanaojifungia mlango kwa ute wao kiangazi kikianza, vyura wanaojitengenezea mfuko wa ngozi yao wenyewe wakajilaza humo, na visamaki vya rangi ambavyo kila mwaka hufa vyote, vikaacha mayai kwenye tope kavu yakisubiri mvua. Wote hao alikuwa amewaandika, mmoja mmoja.

Jumatano Bwana Nukta alileta feni tatu kubwa, akazielekeza ukutani, yeye akiwa katikati. Akaivuta ripoti.

"Kurasa kumi na nne, dada."

"Ni wengi, mkuu. Na hawana bwawa lingine."

"Hebu niambie. Samaki anayelala miaka minne anatusaidia nini sisi?"

"Humu ofisini wamo watu wanaolala zaidi ya hapo na tunawalipa," Mama Chai alisema, akiokota vikombe.

"Sijakuuliza wewe, mama."

"Anajua kuishi pasipo chochote," mkaguzi alisema. "Sisi hatujui. Na hata asingejua, mkuu, pale ni kwake."

Bwana Nukta alikata kurasa kumi na tatu na nusu. Akaandika *Hapana wanyama*, akapiga muhuri, akaiweka ripoti ndani ya bahasha. Feni zilivuma usiku kucha. Hakwenda nyumbani, kwa sababu alikuwa anajisikia mzito.

Alhamisi asubuhi ngozi yake ilikuwa inatoa ute. Saa nne ulimfikia kiunoni, saa sita ulikuwa umekauka, na saa nane Bwana Nukta alikuwa amejikunja kwenye kiti chake, mkia hana lakini miguu imepanda juu ya kichwa kama mkia wa kamongo aliyelala, ndani ya mfuko wa rangi ya kaki wenye kitundu kimoja mdomoni. Mama Chai alimgonga kwa kijiko. Mfuko ukalia kama boksi. Mkaguzi akaweka sikio, akahesabu: pumzi moja kwa dakika mbili.

"Mmwagie maji basi," Mama Chai alisema. "Aamke, aandike hilo neno lako. Mtu aliyelala hivyo akiamka huwa mpole."

Mkaguzi alishika jagi. Lilikuwa limejaa. Alilitazama, akautazama mfuko, akakumbuka saini yake.

"Bado," alisema. "Ajikaushe kwanza."

"Kesho ni Ijumaa, mwanangu."

"Najua kesho ni nini."

Ijumaa saa tatu alikuja tarishi wa makao makuu, mtu wa haraka, na kofia ya pikipiki mkononi. Alisimama mlangoni, akatazama meza, feni, na kile kitu cha kaki kitini.

"Mkuu yupo?"

Mama Chai alimtazama mkaguzi. Jagi lilikuwa palepale. Ingetosha kusema *yumo*. Tarishi angengoja, maji yangemwagwa, na Bwana Nukta angetoka kichwa kwanza, akikohoa, kalamu ikiwa karibu. Mkaguzi alikuwa amelitafuta jibu la kumrudishia Bwana Nukta kwa miaka mitatu, na sasa lilikuwa limemjia mdomoni, tamu.

"Hayupo," alisema.

"Hapa pote hayupo?"

"Unamwona?"

"Simwoni." Tarishi akachukua bahasha. "Basi inakwenda kama ilivyo. Wa kubadilisha ni mkuu peke yake, na mkuu hayupo."

Pikipiki ikawaka. Maneno ya tarishi yalimwingia mkaguzi ilipokuwa imeshafika barabarani, ingawa alikuwa ameambiwa akiwa amesimama palepale. Mama Chai akachukua tambara lake.

"Tumwamshe sasa?"

"Bahasha imeshaondoka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo alale."

Nafasi ya mkuu ilitangazwa, akaletwa mwingine, mwenye kalamu ya kijani. Naye alitaka chumba kikubwa, hivyo Bwana Nukta akasogezwa na kiti chake mpaka kwa mkaguzi, kona ya dirisha, na kwenye orodha ya mali ya ofisi akaandikwa *kabati dogo*. Mkewe huja Jumamosi kumpangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, maana ameelekezwa kwamba maji yanamdhuru. Mkaguzi ndiye aliyemwelekeza.

Malori ya udongo wa bwawa la pili yanapita barabarani tangu alfajiri, wazi juu, yakinyunyiza vumbi. Saa nne ya kila siku ya kazi mkaguzi hufunga dirisha, humimina maji ya baridi kwenye glasi, huvuta kiti karibu kabisa na kile kitundu, na kuyanywa yote, polepole, kwa sauti.