Mfupa Kooni kwa Komando

Kaka yangu Wenseslaus alimfungia mbwa wake Komando kwenye sanduku la mbao nyuma ya banda la ng'ombe tangu mbwa akiwa mdogo, asimwone mtu wala jua. Hapa Mwika wengi walifanya hivyo, wakisema mbwa aliyezoea watu hana ukali. Usiku ndipo alipofunguliwa. Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupita vijijini, na wezi nao wakapata pa kuuza, kwa hiyo kaka hakutaka kusikia habari ya mbwa mpole. Bwana mifugo alipokuja uwanja wa kanisa kuchanja mbwa, kaka alikataa katakata kumpeleka Komando, eti sindano inamlegeza mbwa. Nilimwambia kilicholegea ni akili yake, akacheka.

Kazi ya kumsukumizia Komando makombo ya machalari, zile ndizi zetu za nyama, kwenye upenyo wa mbao ilikuwa ya binti yake Yuditha, wa darasa la tatu. Asubuhi moja nilipita kwao nikamkuta anarudi na sufuria imejaa. Mbwa hali, alisema, na mate yanamchuruzika.

Kaka akachungulia, akasema mfupa umemkwama. Akang'oa ubao, akamwita Yuditha aje autoe yeye, kwa kuwa mkono wake ni mdogo, utaingia vizuri. Mtoto alirudi nyuma hadi mgongo ukagota kwenye mgomba. Akasema bwana mifugo aliwafundisha shuleni kwamba mbwa anayetoka mate na kushindwa kumeza asiguswe, hata na mwenyewe. Kumkatalia baba mbele ya shangazi si jambo dogo kwetu. Kaka akamwita mwoga, akakunja shati, akatia mkono wake mwenyewe kinywani mwa mbwa kabla sijamshika.

Hapakuwa na mfupa. Alipoutoa mkono, vidole vilikuwa vimechubuliwa na meno. Yuditha alikuwa ameshakimbilia sabuni na ndoo. Alimmwagia maji na kumsugua kwa muda mrefu, kama walivyofundishwa, huku baba yake akilalamika kwamba anamaliza sabuni ya kufulia.

Kufika mchana Komando alikuwa amekufa. Bwana mifugo, niliyekwenda kumwita mwenyewe, alichungulia sandukuni akarudi nyuma haraka. Alisema kila dalili ni ya kichaa cha mbwa, na kaka aende hospitali Moshi leo hii, maana ugonjwa ukishapanda kichwani hauna dawa.

Wenseslaus akajibu kwamba amefuga mbwa tangu utotoni, hajaona mate yakiua mtu, na kahawa imeiva. Nilimsihi, nikamtukana, nikalia. Yeye akawa anafunga kikapu kiunoni, tayari kwenda kuchuma. Sijawahi kuogopa namna ile: kumtazama ndugu yako mzima, anapiga mluzi, na huna la kumfanya.

Ndipo Yuditha akasogea na kunyoosha kidole kilichokatwa na majani ya ng'ombe.

"Baba, na mimi alinilamba jana. Hapa penye kidonda."

Kaka alikifungua kikapu akakiacha palepale. Alimbeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa vile, akashuka naye mbio hadi barabarani nami nikihema nyuma yao.

Hospitali, muuguzi aliandika majina ya wote wawili, akasema wataanza na baba ili mtoto aone hakuna cha kuogopa. Kaka akaingia bila ubishi. Yuditha alinisogelea kwenye benchi, mkono wake baridi ndani ya wangu.

"Shangazi, Komando hakunilamba. Ila baba asingekuja."

Nilitaka kusimama nimwambie muuguzi. Halafu nikawaza sindano hii ni ya kwanza tu, kaka atatakiwa kurudi tena na tena, na akijua ukweli hatarudi. Nikamwambia anyamaze. Muuguzi akafungua mlango, akaita jina la Yuditha, naye akaanza kukunja mkono wa gauni huku akilia kimyakimya.