Mwenye Nyumba na Mpangaji

Picha za mjukuu zilikuwa zimeharibika zote, na aliyeziharibu ni babu yake mwenyewe.

"Rudia tena," fundi simu alisema. "Polepole. Ulibonyeza nini?"

Barafu, babu mwenyewe, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Chumba hicho zamani kilikuwa cha binti yake. Kitanda kilishatolewa. Sasa palikuwa na meza, kompyuta kubwa nyeusi ambayo ofisi fulani iliichoka, na friji tatu za wateja zikingoja gesi, milango wazi, kama watu waliopigwa na butwaa.

"Nilibonyeza lazimisha," alisema mwishowe.

"Ilikuuliza kwanza?"

"Iliniuliza."

"Ikakwambiaje?"

"Ikasema diski hizi zinaonekana zinatumiwa na mwingine. Una uhakika?"

"Na wewe ukawa na uhakika."

"Mimi nikawa na haraka."

Fundi simu alishusha pumzi. Alikuwa na kibanda chake mkabala na karakana ya Barafu, na kwa miaka walikuwa wakiazimana bisibisi na kutaniana. Jina la Barafu ndiye aliyelisambaza. Wengine walidhani ni kwa sababu mzee anatengeneza mafriji. Waliomfahamu walijua ni kwa sababu ya uso wake.

Mke wa Barafu alikuwa mbali. Binti yao aliolewa ng'ambo, na alipokaribia kujifungua akaomba mama aende akamshike mkono, miezi mitatu tu, mtoto apate nguvu. Miezi mitatu ikazaa mingine. Mtoto akaota meno, akatambaa, akasimama, na bibi bado yuko huko. Barafu hakulalamika. Hakuwahi kuwa mtu wa maneno, na simu kutoka ng'ambo ilimfanya azidi kuwa bubu. Alikuwa akisema "sisi wazima," kisha anatazama ukuta akitafuta la pili.

Lakini simu ya mke wake ilikuwa ndogo na ilijaa upesi, na hapo Barafu akaona kazi anayoiweza. Kutunza vitu visioze, hiyo ndiyo iliyomlisha maisha yake yote. Akamwendea fundi simu, akamwambia anataka mahali pa kuhifadhi picha humu humu nyumbani, pasipo kumkabidhi mtu asiyemjua sura ya mjukuu wake.

Shida ni kwamba kompyuta ilikuwa moja, na aliihitaji pia kwa kutazamia michoro ya mafriji. Fundi simu akacheka.

"Si tatizo, mzee. Tunajenga kompyuta ndani ya kompyuta. Haina mwili, ni pepe tu, lakini yenyewe inajiona kamili. Fanya umepangisha chumba. Hii kubwa ndiyo mwenye nyumba. Hiyo ya ndani ni mpangaji, na kazi yake ni moja, kutunza picha."

Wakamkabidhi mpangaji diski mbili pacha. Kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, moja ikifa, mwenzake yupo. Siku ile fundi simu alimwonya kwa kidole. "Diski umeshampa. Usizifungue tena kwa mlango wa mwenye nyumba. Ukitaka kitu, piga hodi, akupe mwenyewe."

Tangu hapo, bibi akipiga picha huko aliko, picha inaingia moja kwa moja nyumbani kwake, chumba cha nyuma, bila kupitia mkononi mwa mtu. Kisha anapiga simu.

"Zimefika?"

"Zimefika. Futa tu, ziko nyumbani."

Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao. Ukiondoa salamu, yalikuwa hayo tu. Na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Barafu alikaa na kikombe chake mbele ya kioo, akatazama kilichoingia.

Asubuhi ya leo bibi alipiga mapema. Wakwe wa binti yao walikuwa wamewatembelea, nyumba imejaa, na walikuwa wakitaka kuona mtoto alipotembea mara ya kwanza. Baba wa mtoto mwenyewe hakuwa ameiona siku ile, alikuwa kazini. "Ifungue ile video unirushie," bibi alisema. "Nimeshawaahidi."

Barafu alipiga hodi kwa mpangaji. Kimya. Usiku umeme ulikuwa umekatika ukarudi, na yeye akadhani mpangaji amekufa humo ndani. Kumbe alikuwa hai kabisa, ameinama kwenye diski zake akizikagua kipande kwa kipande, na kazi ile ilikuwa imemchukua hata haitikii. Barafu akangoja kidogo. Simu ikalia tena, "Babu, wageni wanangoja." Akaamua kupitia mlango wa mwenye nyumba. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Miaka yote Barafu alizichukulia karatasi za onyo zilizobandikwa nyuma ya friji kuwa ni za wateja, si za fundi. Akalazimisha.

Video ikafunguka. Alimwona mtoto amesimama katikati ya zulia, mikono hewani. Akanyanyua mguu. Hapo ikaganda.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwenye nyumba alikuwa akiandika na mpangaji akiandika, kila mmoja akidhani yuko peke yake, kila mmoja akifuta cha mwenzake.

"Umempangishia mtu chumba," fundi simu alisema, "halafu umemwingilia akiwa usingizini."

"Hakuwa usingizini. Ndiyo shida."

"Afadhali umeelewa."

"Lakini si ziko mbili? Si pacha?"

"Pacha, mzee. Umemtilia mmoja sumu, na mwenzake anakula sahani ileile." Akasita. "Ile diski ya tatu niliyokwambia, ya kuweka nakala kule karakana, uliinunua?"

Barafu alitazama friji.

"Basi," fundi simu alisema. Hakutania tena. Alichomeka diski yake mwenyewe, akaiwekea programu ya kuchekecha mabaki. "Nenda kazini. Ukikaa hapa utaitazama, na kutazama hakusaidii kitu. Nami nina kibanda cha kufungua. Tukutane mchana."

Akaenda. Muuza nyama mmoja mtaa wa pili alikuwa ameharibikiwa na friza, na alikuwa akifungua mfuniko kila mara kuchungulia.

"Usifungue," Barafu alimwambia, tayari yuko chini na tochi mdomoni. Akaitoa tochi. "Ukiuacha umefungwa, baridi itakaa mpaka nimalize. Watu wengi hawaharibikiwi na friza. Wanaharibu wenyewe kwa kuchungulia."

"Nataka tu kujua kama bado imeganda."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Alibaki pale chini muda kidogo bila kugusa kitu, tochi ikimulika ukuta. Muuza nyama akamuuliza kama kuna tatizo. Akasema hapana, akaendelea. Relei, kifaa cha kuiwasha kompresa, ilikuwa imeungua. Aliibadilisha, kompresa ikanguruma, muuza nyama akafungua mfuniko akacheka. Hakuna kilichooza. Hata damu kwenye karai ilikuwa bado ngumu.

Aliporudi nyumbani fundi simu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kile kiti. Alimpisha.

Mabaki yalikuwa yametapakaa kwenye kioo bila majina, bila tarehe. Picha nyingi zilikuwa nusu. Kichwa cha mtoto, macho, mashavu, kisha kuanzia kifuani kwenda chini rangi ya majivu, kama ukuta uliopakwa chokaa ukaachwa njiani. Nyingine zilikuwa vipande vilivyopandana, sikio juu ya dirisha. Barafu alizipitisha moja moja kwa kidole kimoja.

"Zenye sauti je?" aliuliza.

"Video?"

"Zenye sauti."

"Zile ni ndefu, mzee. Kitu kirefu kikikatwa popote, kimekufa chote. Nimejaribu."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu tena."

Simu ililia mezani. Wote wawili waliitazama. Fundi simu alitaka kutoka, Barafu akamwashiria abaki, kana kwamba alihitaji shahidi.

"Babu," mke wake alisema. Siku hizi waliitana hivyo, babu na bibi. "Wageni wameshaondoka. Nimewaambia mtandao wa huko kwetu mbovu. Umeipata?"

"Kaa chini kwanza."

"Nimekaa. Nimempakata."

"Zimeharibika."

"Ipi imeharibika?"

"Zote. Mimi ndiye niliyeziharibu. Nilifungua pasipotakiwa kufunguliwa."

Kule upande wa pili alisikika mtoto, anaongea maneno yake yasiyo maneno, na kijiko kikigonga kitu.

"Uliniambia nifute," bibi alisema.

"Nilikuambia."

"Mimi nikawa nafuta. Nyingine hata sijazitazama vizuri. Nikasema nitaziona nikirudi, nitakaa nazo kwa nafasi."

"Najua."

"Hata ya kutembea?"

"Hata hiyo."

Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alikuwa hodari wa kugomba, mke wake. Aliwahi kumgombeza kwa ajili ya msumari mmoja kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana. Sasa alinyamaza tu, na kijiko kikaendelea kugonga. Barafu, kwa kuogopa ukimya ule, akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza. Hakuliuliza kwa sababu picha zilikuwa zikija kila siku, na nyumba inayopokea wageni kila siku haijioni kama ina upweke.

"Unarudi lini?"

Alimsikia akimhamisha mtoto goti.

"Mwanao ana ujauzito mwingine," bibi alisema. "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia."

"Ndiyo leo?"

"Leo imeshaharibika. Nikaona niiweke humohumo."

Barafu alitaka kucheka, na angekuwa amekaa naye meza moja pengine angecheka. "Mpaka lini sasa?"

"Mpaka huyo naye asimame. Mwanao anafanya kazi, na mumewe anafanya kazi. Nitamwachia nani?"

"Hamna wa kumwachia."

"Basi."

"Basi."

"Unakula lakini?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Barafu alitazama ukuta. "Sisi wazima," alisema.

"Wewe na nani?" bibi aliuliza, na sauti yake ikapungua kidogo mwishoni. Kisha akasema, "Haya, nakupa mjukuu wako umsalimie," akamwekea mtoto simu sikioni.

Ilisikika pumzi ya mtoto tu, karibu sana, kama ya mtu anayepoza chai. Walikaa hivyo, mmoja anapumua na mwingine anasikiliza, mpaka mtoto akabonyeza kitu na simu ikakatika.

Fundi simu alikuwa akitazama kucha zake. "Nitakuletea diski nzuri," alisema. "Tutamjenga upya huyo mpangaji. Atatuma nyingine, mzee. Mtoto yupo."

"Yupo."

"Niifunge kompyuta?"

"Iache."

Alipoondoka, Barafu alivuta kiti, akapitia tena mabaki yote, safari hii bila haraka, akihesabu kilichokwenda. Jino la kwanza limekwenda. Kutambaa kumekwenda, na kusimama kwa kushika kochi, na hatua zile kwenye zulia ambazo baba wa mtoto hakuziona na hataziona. Siku ya kuoga kwenye beseni umebaki ukingo wa beseni. Siku aliyoonja limau limebaki paji la uso, limekunjwa. Mwaka wa kwanza wa mtoto umekwenda, na kipande cha wa pili. Mke amekwenda mpaka wa tumboni azaliwe na asimame.

Picha zilizopona kabisa, za kuhesabu kwa vidole, zilikuwa za dari na za miguu ya meza, zile ambazo bibi alizipiga kwa bahati mbaya. Yeye mwenyewe hakuwahi kutokea, maana ndiye aliyekuwa akishika simu. Alikuwamo kwenye video tu, nyuma, haonekani, akisema njoo, njoo kwa bibi, mwonyeshe babu. Na video haikubaki hata moja.

Yumo katika picha moja. Kidole chake kimeziba lenzi, na mwanga umepita katikati yake, na picha nzima ni nyekundu.