Kufuli la Mchumba

Mwanabaraka aliukamua ukwaju alfajiri ile kama alivyozoea, akauchuja, akatia sukari na hiliki, kisha akasimama na sufuria mikononi akikumbuka kwamba hana pa kuugandishia. Mikono ndiyo iliyosahau. Friza ilikuwa pale pale ukumbini, nyeupe, imefunikwa kanga ya maua, waya wa umeme umeviringishwa juu yake. Mbele, kwenye vishikio vya mfuniko, lilining'inia kufuli la shaba lisilokuwa lake.

Mtaani Nianjema waliiita Bi Harusi. Waliopita kwenda kisimani walichungulia mlangoni wakauliza posa imefikia wapi, na kama bwana harusi bado yuko njiani. Mwanabaraka alicheka nao, maana kicheko hakimpi mtu kazi, lakini barafu za ukwaju ndizo zilizokuwa zikimlisha, na tangu kufuli lile liingie nyumbani alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga tu.

Mwenyewe ndiye aliyetangaza kuiuza. Luku ya umeme ilikuwa inapanda na sukari inapanda, akaona bora anunue oveni ya gesi aoke mikate. Mnunuzi wa kwanza kuja alikuwa Bwanausi, yule wa ofisi ya vibali karibu na soko, ambaye bila saini yake hakuna mama anayeweka meza barabarani. Alikuja baada ya swala ya Ijumaa, na kanzu yake imepigwa pasi. Akaifungua friza, akaigonga mbavu, akanusa ndani, akakaribishwa juisi akanywa bilauri mbili. Bei hakuibishia. Hela hakutoa. Alichotoa mfukoni ni kufuli jipya lenye simba ubavuni, akalipachika, akalifunga, na ufunguo akaurudisha mfukoni.

"Hiki ndicho kishika uchumba changu," alisema. "Sasa usimsikilize mwanamume mwingine."

Watu waliokuwepo walicheka. Mwanabaraka naye alicheka, ila moyoni alilichukua neno lile kwa uzito wake. Kwao kishika uchumba kikishapokelewa, mlango umefungwa. Baba yake aliwahi kumrudisha mwenye boti mbili kwa sababu ya pete ya fedha ya kijana asiye na hata baiskeli. Kwa hiyo alipokuja mnunuzi wa kamba wa baharini kutoka Mbegani, pesa mkononi na Kirikuu yake ya mizigo ikiunguruma nje, alimwambia friza imeshachumbiwa. Akaja mwingine, naye akaambiwa hivyo hivyo. Bwanausi kila akipigiwa simu alikuwa njiani. Na Mwanabaraka hakuthubutu kupandisha sauti, kwa sababu kibali cha meza yake kilikuwa kimekwisha muda na kingine kilikuwa kinasubiri saini ya mkono ule ule.

Ukwaju ulikuwa bado kwenye sufuria alipoingia Gertruda, jirani wa ukuta mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na mtunza hazina wa kwaya. Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kimelegea. Kesho yake kulikuwa na jubilei ya sista mmoja pale misheni, wageni wangetoka hadi Morogoro, na aliyeahidi kuleta juisi na barafu alikuwa amejitoa asubuhi ile. Kwaya wangelipa nusu leo, na sherehe nyingine zilikuwa zinafuata. Wakimpenda kesho, wangempa kazi hiyo moja kwa moja.

"Nitagandisha kwa kuupulizia?" Mwanabaraka aliuliza, akimwonyesha kufuli.

"Shoga, likate."

"Kishika cha watu hakikatwi. Nikilikata, mimi ndiye niliyevunja neno."

"Basi mfuate mchumba wako kazini," Gertruda alisema. "Labda amekosa nauli."

Pale ofisini benchi la kusubiri lilikuwa limejaa. Aliyempisha akakaa ni Shuaibu, seremala wa karibu na kituo cha mabasi, mtu mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi. Walisalimiana, wakaulizana hali na za nyumbani, mpaka Shuaibu akaeleza kilichomleta. Alikuwa na kabati la mninga, kazi nzuri, ambalo Bwanausi alilichagua kabla ya Ramadhani. Hakulilipia na hakulichukua, ila mtu mwingine asiliguse.

Mwanabaraka alimgeukia polepole. "Kufuli la shaba?"

"La shaba."

"Lina simba?"

"Ubavuni," alisema Shuaibu, na macho yakaanza kumtoka.

Mama mmoja mwishoni mwa benchi akasema lake liko kwenye guta la kubebea mizigo la marehemu mumewe. Benchi zima liliangua kicheko, na karani akatoa kichwa mlangoni kuwaonya. Mwanabaraka alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kumbe alikuwa na wake wenza.

Bwanausi alimpokea kwa bashasha. Aliuliza watoto, akaisifu juisi ile, akasema mwisho wa mwezi bila shaka yoyote. Kuhusu ufunguo, ulikuwa Lugoba kwa mkewe. Mwanabaraka alipomweleza habari za jubilei, akiomba friza ifunguliwe hata kwa siku moja, yule bwana alizigonga kalamu zake mezani zikakaa sawa.

"Bi Mwanabaraka, tusiharakishane," alisema kwa upole. "Hata kibali chako nacho kiko kwenye foleni."

Alitoka nje. Jua lilikuwa limewaka, njaa inamuuma, na lile neno la foleni lilimkaa kooni kama mwiba wa kibua. Alikuwa amefika kwenye duka la sukari alipomkumbuka shangazi yake. Mchumba wa shangazi alikwenda Tanga akapotelea huko, na wazee hawakumtukana wala hawakuitupa pete. Waliiweka kwenye sinia, wakaifunika, wakamtuma mshenga kuirudisha kwao kijana mchana kweupe, kwa vigelegele. Neno halikuvunjwa. Lilirudishwa kwa mwenyewe.

Alinunua sukari akarudi kwa haraka.

Dadi, fundi wa kuchomelea, aliitwa akaja na grenda yake ya kukatia chuma. Cheche zilirukia kanga ya maua, Gertruda akaipokonya, na kufuli likadondoka sakafuni. Mwanabaraka alichomeka waya. Friza ilinyamaza kidogo, ikakohoa, ikaanza kutetemeka kwa ule mngurumo alioukosa kama sauti ya mtu wa nyumbani. Alimimina ukwaju kwenye vifuko na kuvipanga ndani vingali na povu. Kisha Dadi akabeba grenda hadi karakana ya Shuaibu, na kutoka hapo hadi kwenye lile guta.

Kabla ofisi haijafungwa, msafara uliingia. Gertruda alitangulia katika kitenge chake cha Jumapili, sinia kichwani limefunikwa kitambaa cheupe. Nyuma wakafuata Mwanabaraka, Shuaibu, mama wa guta, na watu wa sokoni waliosikia tu kwamba kuna jambo. Walipiga hodi kwa adabu, wakaingia.

"Tumetumwa na wazee," alisema Gertruda. "Tulipokea kishika, tukafunga milango, tukangoja. Safari ya mwenzetu imekuwa ndefu. Tunamrudishia chake, bila ugomvi."

Alifunua sinia. Makufuli matatu, simba juu. Vigelegele vilipasua ofisi hadi karani akasahau kuwaonya, akapiga na yeye.

Bwanausi aliinuka. Wameharibu mali ya mtu, alisema, hiyo ni jinai, na atawaandikia faini sasa hivi. Alivuta droo kutafuta kitabu cha stakabadhi, akaivuta kwa hasira, ikachomoka yote na kumwagika mezani. Kati ya kalamu na mihuri ulianguka mkufu wa funguo ndogo za shaba, mpya, zikilia kama njuga.

Watu wakasogea mezani kuzitazama.

"Kumbe Lugoba ni karibu," alisema Shuaibu.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kwa wauza nazi. Mwanabaraka hakucheka. Alijua watu hawa wote wataondoka na karatasi yake itabaki na mtu huyu. Aliusogeza mkufu kwa kidole hadi upande wa pili wa meza.

"Funguo baki nazo, kaka."

"Na kibali chako?" Bwanausi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kiko mezani kwako, kitazame. Nami kesho nina kazi. Ukisikia kiu, meza yangu unaijua ilipo, ila safari hii uje na hela mkononi."

Jioni, Gertruda alikuja na nusu ya malipo ya kwaya pamoja na ndizi za kuchoma, wakala ukumbini migongo imeegemea friza. Barafu za kwanza zilikuwa zimeshika. Mpira wa mfuniko ulikuwa umelegea siku nyingi, ukifunga haukazi vizuri, kwa hiyo Mwanabaraka alichukua mwiko wa zamani akaupitisha kwenye vile vishikio, pale pale palipokuwa na kufuli. Mtu yeyote angeweza kuuchomoa.

"Bi Harusi amerudi kwao," alisema Gertruda.

"Hajaenda popote," alisema Mwanabaraka, akalilamba tone la ukwaju lililobaki kidoleni, tamu kidogo kuliko kawaida.