Feni ya Moto Mdogo

Moyo wa mke wa Fundi ulikuwa umechoka. Ndivyo daktari alivyosema, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anamzungumzia ng'ombe wa kulimia: umechoka, hautapona, tutausaidia tu uende polepole. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na mama huyo aliyewashonea nguo nusu ya mtaa akawa mtu wa kuketi kitandani, mito imepangwa mgongoni, akiomba kitu kimoja tu: upepo.

Feni ya umeme ilikuwepo chumbani. Lakini umeme wenyewe ulikuja ulipotaka na kuondoka bila kuaga, na hata ulipokuwepo, feni ile iligonga kwa ndani kama mtu anayebisha hodi asifunguliwe.

"Izime," mama alikuwa akimwambia bintiye. "Afadhali joto kuliko huyo mgeni."

Binti alikuwa mwalimu wa sekondari. Alikuwa ameomba ruhusa kazini akarudi nyumbani kuuguza, na kutwa alimpepea mama yake kwa jalada gumu la daftari mpaka mkono unakufa ganzi.

Fundi hakupepea. Si kwamba hakumpenda mkewe. Maisha yake yote alikuwa amekereza vyuma kwenye karakana ya reli, na mikono yake haikujua la kufanya mbele ya kitu kisichotengenezeka. Aliingia chumbani, akasimama karibu na mlango, akauliza, "Unaendeleaje?" Akajibiwa, "Vizuri," na wote wawili wakijua ni uongo. Kisha akatoka, akaenda kujifungia kibandani nyuma ya nyumba, kwenye mashine yake ya kukereza.

Huko ndiko alikokumbuka kisanduku kilichokuwa chini ya meza tangu alipostaafu. Kilikuwa zawadi ya rafiki yake, ambaye kazi yake karakanani ilikuwa kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu, na kwa hiyo watu wakamwita Kalibu, hata mkewe. Kisandukuni mlikuwa na vipande vya feni ndogo ya mezani, vyote alivisubu yeye mwenyewe: kitako, silinda, magurudumu mawili mazito, na mapanga manne ya shaba nyeupe. Vilikuwa vimetoka kwenye mchanga hivyo hivyo, vyenye kukwaruza, vimeota ndevu za chuma pembeni. Feni hiyo haikuhitaji umeme. Unawasha kitaa cha spiriti chini ya silinda, hewa iliyomo inapata joto, inatanuka na kusukuma pistoni. Ikihamishwa upande wa baridi inanywea, na pistoni inarudi. Gurudumu linazunguka, mapanga yanazunguka. Kimya kabisa.

"Kimya kabisa," Fundi alijiambia kwa sauti, akakifuta kitako vumbi.

Akaanza kazi. Kila asubuhi mashine ikalia kibandani, na harufu ya chuma kinachokatwa ikapita dirishani mpaka chumbani kwa mgonjwa. Binti alikuja mlangoni kumwita. "Baba, Mama anakuulizia." "Nakuja," alijibu, wala asiende. Kesho yake vivyo hivyo. Mwisho binti akaingia kibandani, akasimama mbele yake.

"Unatengeneza nini hicho?"

"Feni. Ya mama yako."

"Mama ana feni, Baba. Na ikizimika ana mkono wangu. Asichokuwa nacho ni mume."

Fundi akaendelea kutazama chuma kinavyozunguka.

"Unamkimbia," binti akasema. "Hivi vyuma ni kisingizio tu. Unamkimbia, naye anajua."

Akaondoka. Fundi akabaki ameshika mpini wa mashine, na badala ya kuizima akaisukuma mbele bila kuangalia. Kisu kikauma chuma kwa nguvu, silinda ikaruka, ikapiga ukuta na kupasuka kutoka mdomoni hadi chini.

Aliiokota. Alikaa nayo kwenye kiti kwa muda, akiigeuza geuza. Halafu, kwa kuwa hakujua kwingine pa kuipeleka, akaenda nayo kwa mkewe.

"Ehe, nani amekufa?" mkewe akauliza alipouona uso wake.

"Silinda."

"Maskini. Imeacha watoto?"

Fundi alitaka kucheka, ikashindikana. Akaketi pembeni ya kitanda, mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie humo ndani, akamwonyesha ule ufa. Mkewe akaupitishia kidole kama anayekagua mshono uliofumuka.

"Kalibu atakusubia nyingine," akasema. "Na hivyo vilivyobaki vilete hapa."

"Vitachafua."

"Fundi, tangu unioe nimefua grisi ya kutosha kuzamisha meli. Vilete. Nimechoka kukusikia ukutani kama panya. Nataka nikuone."

Basi akavileta. Cherehani ikashushwa kwenye meza yake, na pale dirishani ilipokuwa ikikaa, Fundi akafunga jiliwa lake la kubania vyuma. Kazi ya mashine aliifanya kibandani haraka haraka. Kupiga tupa, kusugua na kulinganisha akavifanya chumbani. Mkewe akaomba naye apewe cha kufanya, akapewa panga moja la feni na kipande cha msasa. Vidole vyake vilikuwa vimejaa, havikunjiki vizuri, lakini alisugua. Maumivu yalipombana aliacha maneno, akafumba macho, akasugua kwa nguvu zaidi mpaka yapite.

Katika siku hizo Fundi alijifunza mambo. Alijifunza kumwinua bila kumuumiza, kumkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu, kusubiri pumzi yake irudi ndipo ajibiwe. Walizungumza mengi ya ovyo: nani alioa nani, nani alishonewa suruali akatoroka bila kulipa. Binti alipoleta chakula alikuta sahani ya vipande vya chuma juu ya shuka safi, akavuta pumzi kutaka kusema, kisha akaisogeza tu ili apate pa kuweka bakuli.

Kalibu alileta silinda mpya akiwa ameifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Alikuwa na sauti iliyozoea kushindana na tanuri, lakini alipomwona mama yule kwenye mito akanong'ona salamu, akanong'ona kwaheri, na Fundi alipomsindikiza akamkuta ameegemea ukuta wa nje, anafuta macho kwa kile kile kitambaa.

Feni ikawa tayari. Fundi akawasha kitaa, akasubiri silinda ipate moto, akalisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka nusu, likarudi. Akatia tone la mafuta, akasukuma tena. Likasita, likajikongoja, halafu likashika. Mapanga yakaanza kuzunguka bila kelele yoyote. Ila feni nzima ilikuwa ikitikisika kidogo, kama mzee anayetikisa kichwa. Fundi aliijua sababu mara moja: panga moja lilikuwa limesuguliwa mno, limekuwa jembamba kuliko wenzake.

Mkewe akanyoosha mkono mbele ya feni, akangoja.

"Fundi," akasema, "huu upepo hata mshumaa hauzimi."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na binti akakimbia kumshika. Fundi alisimama amejiinamia. Ilikuwa kweli. Jasho lote lile, na upepo wenyewe ulikuwa kama wa mtu anayepuliza chai.

"Nitatengeneza mapanga makubwa zaidi," akasema. "Na hilo jembamba nitalirekebisha."

"Usiguse kitu. Isogeze karibu."

Akaiweka kwenye kistuli, jirani kabisa na shavu la mkewe. Nywele chache za mvi zikainuka sikioni, zikalala, zikainuka.

"Hapo," mkewe akasema, akafumba macho. "Sasa kaa."

Akakaa. Akaushika mkono wake, ambao ncha za vidole zilikuwa zimekwaruzwa na msasa, na hakuuachia mpaka spiriti ilipokwisha.

Ilikuwa ni spiriti hiyo iliyomtoa Fundi nyumbani asubuhi ambayo mkewe alifariki. Chupa ilikuwa tupu, na Fundi akasema anakwenda dukani mara moja. Aliporudi alimkuta binti ameketi pembeni ya kitanda, mikono mapajani, hapepei tena. Fundi aliiweka chupa sakafuni taratibu, kana kwamba kuna mtu angeamka.

"Aliniulizia?" akasema baadaye.

"Ndiyo. Nikamwambia unakuja. Akasema, 'Najua.'"

Walimzika. Watu walijaa, wengi wao wamevaa nguo alizozishona yeye. Wiki iliyofuata Kalibu alikuja kumwangalia rafiki yake, akaiona feni, akaizungusha kwa mkono, na sikio lake la kazi likagundua kasoro. "Panga hili limeharibika. Nikusubie jingine?"

"Hapana," Fundi akasema, na Kalibu akaelewa, akazungumzia mambo mengine.

Ruhusa ya binti ikaisha. Akiwa ameshakaza mkanda wa begi lake, alisimama sebuleni, hajui aanzie wapi.

"Baba, yale niliyokuambia kibandani..."

"Yalikuwa kweli."

"Hata kama."

"Usingeyasema," Fundi akamwambia, "ningemaliza feni nzuri kuliko hii. Nenda, mwanangu, usije ukachelewa."

Alimsindikiza mpaka barabarani, akapunga mkono mpaka gari likakata kona. Kisha akarudi ndani. Ilikuwa alasiri, joto limejaa chumbani. Alilala upande wake wa kitanda, mwingine akauacha. Huko msibani kote hakuwa ametoa chozi, na watu walikuwa wamesema, yule mzee ni chuma. Sasa alilia, kwa sauti kubwa na mbaya, mdomo wazi, kama mtu asiye na majirani.

Jirani wa upande wa pili wa ukuta alisikia. Alinyoosha mkono akapunguza redio yake, akakaa kimya hadi mwenzake alipomaliza.