Mabawa Yaliyonyooka

Ndege tatu za kivita zilikuwa zimelala mezani, zimekatwa kwenye boksi la televisheni na kupakwa wino mweusi, na Ntare alizizunguka kama mposaji aliyeshindwa kuchagua baina ya ndugu watatu. Katikati ya ndege hizo ilisimama injini. Haikuzidi chupa ya chai kwa ukubwa, lakini ilikuwa injini ya jeti ya kweli, inayokunywa mafuta ya taa na kulia kama zile zinazobeba abiria. Kwa miaka yote waliyounda vijindege vya pangaboi na betri, yeye na Silvère walikuwa wakiiota injini hii. Sasa ilikuwa imefika, nayo ni moja tu. Kwa hiyo ndege nayo ingekuwa moja.

Walikuwa nyumbani kwa Silvère, Kicukiro. Ntare alikuwa amestaafu ufundi wa ndege. Silvère alikuwa bado akitengeneza meno ya bandia katika kliniki moja ya Kimihurura, na vidole vyake viliweza kuiga kitu chochote chenye umbo. Mmoja alikulia Karagwe, mwingine Bujumbura, wote watoto wa wakimbizi. Kinyarwanda walikuwa nacho, lakini urafiki wao ulizaliwa kwa Kiswahili na kwa Kiswahili ukabaki.

"Hii MiG ni mkuki," Silvère alisema, akipitisha kidole kwenye ukingo wa boksi. "Sijaona umbo safi kuliko hili."

"Mkuki hurushwa, hautui. Mabawa ya pembetatu yanataka kasi. Ukipunguza mwendo, inadondoka kama jiwe, na kiwanja chetu cha Gahanga mwisho wake ni mtaro."

"Basi F-16."

"Mdomo wake uko chini ya tumbo. Itameza kila kokoto." Ntare aliisukuma kando, akaivuta ya tatu karibu na kifua chake. Ilikuwa Sukhoi ya kushambulia walio ardhini, nene, isiyo na madaha yoyote. "Tazama hii. Matundu ya hewa yako juu, ubavuni. Miguu mifupi, imara. Na mabawa yamenyooka, ndugu yangu. Hii inaweza kwenda polepole bila kuanguka. Waliiunda hivyo makusudi, ili rubani apate nafasi ya kukiona vizuri anachokipiga."

Aliyasema hayo kwa mahaba ya fundi, asiyasikie maneno yake mwenyewe. Aliyeyasikia alikuwa mlangoni. Kanyange, mke wa Silvère, alikuwa ameleta chai, na sinia lilikuwa limeganda mikononi mwake.

"Mtaunda hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo, shemeji. Ndiyo yenye usalama kuliko zote."

Kanyange alikitazama kile kipande cheusi cha boksi kwa muda, kisha akaliweka sinia juu ya kiti, kwa kuwa meza ilikuwa imejaa, akatoka nje. Chai ilipoa bila kunywewa. Silvère hakuona neno. Tayari alikuwa ameshika penseli.

Siku chache baadaye Kanyange alikuja nyumbani kwa Ntare, peke yake, saa ambazo alijua Gahongayire, mke wa Ntare, yuko kazini. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Shemeji, nimekuja kukuomba. Chagueni nyingine."

"Kwa nini?"

Aliutazama mkono wake wa kulia kabla ya kujibu. "Kabla sijaolewa na Silvère nilikaa ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa na binti. Silvère anajua hilo. Nilimwambia mtoto alikufa kwa homa."

"Tulikuwa sokoni. Ilipita mara ya kwanza chini kabisa, kama inayosalimia. Tulisimama tukaitazama. Mabawa yake hayakupinda kama ya ndege nyingine za vita. Yalikuwa yamenyooka, kama mtu aliyenyoosha mikono. Ikaenda, ikageuka. Iliporudi watu wakaanza kukimbia, nami nikakimbia naye. Mkono wake ukaniponyoka. Nilijua umeniponyoka, shemeji. Niliendelea kukimbia."

Nje, jirani alikuwa akifagia ua, na ufagio ulisikika wazi.

"Homa haina lawama," Kanyange alisema. "Ndiyo sababu nilichagua homa. Usimwambie. Mtafutie sababu nyingine. Wewe ndiye fundi, atakusikia."

Ntare aliahidi kujaribu, na kweli alijaribu, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba wenyeji wasiwepo. Alimwambia Silvère, "Vipi tukiirudia ile MiG?" Silvère akacheka. Kalibu ya Sukhoi ilikuwa imekwisha kuchongwa nusu, laini kama ufizi. "Si wewe uliyesema itadondoka kama jiwe?" Ntare akatabasamu, akashika msasa. Kusisitiza kungetaka sababu, na sababu haikuwa mali yake. Hivyo ndivyo alivyojieleza moyoni. Lakini chini ya maelezo hayo palikuwa na jambo jingine, dogo na baya: aliitaka. Tangu alipoiona imekamilika akilini mwake, hakuna nyingine iliyomtosha. Alijipoza kwa kupendekeza waipake rangi nyeupe na nyekundu, kama ndege ya maonyesho, na bila mabomu chini ya mabawa. Kana kwamba umbo hukaa kwenye rangi.

Walifanya kazi miezi kadhaa. Ntare aliacha kula kwao. Kila Kanyange alipopita sebuleni, Ntare alikuta kitu cha kutafuta ndani ya sanduku la vifaa. Kanyange hakumkumbusha lolote. Alimsalimu, akamwuliza hali ya Gahongayire, akapita. Laiti angemtukana.

Kibali cha kurusha kilipotoka, Kanyange alisema atakwenda nao. Silvère alifurahi kama bwana harusi. "Hajawahi hata mara moja!" alimnong'oneza Ntare wakipakia gari. Njiani Ntare alitafuta macho ya mwanamke yule kwenye kioo cha kutazamia nyuma; yalikuwa yakitazama barabara.

Gahanga asubuhi ile ilikuwa na mbingu nyeupe, isiyo na jua wala mvua. Upande mmoja wa kiwanja watu walikuwa wakipalilia mihogo. Upande mwingine mtama ulikuwa umesimama, na nyuma yake kuta za nyumba mpya zisizo na paa. Injini ilianza kwa mluzi, mluzi ukapanda ukawa sauti nzito inayotetemesha mbavu. Ntare alikuwa na rimoti shingoni. Ndege ilikimbia juu ya nyasi, ikanyanyuka, na kwa kitambo hakukuwa na Kanyange wala ahadi duniani. Palikuwa na kitu alichokiwaza kikaruka. Machozi yalimlenga. Silvère alikuwa akipiga makofi peke yake.

Ikapita mbele yao, chini, polepole, mabawa yamenyooka.

Ikaenda hadi juu ya zile nyumba, ikageuka.

Hapo ndipo Kanyange alipotoka kando ya gari. Hakupiga kelele. Alikimbia, kitenge kikimfunguka kiunoni, moja kwa moja hadi katikati ya njia ya kutua ndege. Pale akapiga magoti, akainama na kuitandaza mikono juu ya nyasi tupu, kama mtu anayefunika kitu kwa mwili wake.

"Kanyange!" Silvère aliita. "Kanyange, toka!"

Ndege ilikuwa ikishuka, miguu chini, injini imepunguzwa. Kuirudisha juu kungetaka pumzi kadhaa kabla injini haijaitikia, na pumzi hizo hazikuwapo. Ntare aliusukuma mkono wa rimoti kulia. Bawa likainama, likakata masuke ya mtama, kisha ukasikika mshindo mfupi, mdogo kuliko alivyotazamia. Mafuta yakashika moto.

Silvère alichukua mtungi wa kuzimia moto, akakimbia kuelekea mtamani. Katikati ya njia akasimama, akautupa, akageuka kwa mkewe. Ntare alimfuata.

Kanyange alikuwa bado amepiga magoti. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Mara hii sikukimbia," alisema.

Silvère alimshika mabega. "Nini? Mara hii? Kwani lini ulikimbia?"

Silvère akainua uso kumtazama rafiki yake, kwa mshangao wa kawaida, kama mtu anayetafuta msaada. Na akauona uso wa Ntare. Mshangao ukamtoka polepole. Hakuuliza tena. Alimwinua mkewe, akamfunga kitenge chake vizuri, wakaenda kuketi ndani ya gari na kufunga milango. Kupitia kioo Ntare aliona midomo ya Kanyange ikianza kusogea.

Hakuwa na mahali pa kwenda ila kwenye moto. Wakulima wa mihogo walikuwa wamefika kabla yake na majembe yao, wanautupia udongo huku wakikohoa. Moshi ulinuka mafuta ya taa na plastiki. Mzee mmoja, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alikuwa akizunguka mabaki yale, anainama, anapekua mtama uliolala kwa mpini wa jembe.

"Rubani yake iko wapi?" alimwuliza Ntare. "Patron, sisi iko natafuta, haiko. Rubani iko wapi?"

Ntare alifungua kinywa. Rimoti ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, na taa yake ndogo ilikuwa ikiwaka na kuzimika.